Gari la Viti Viwili

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, Mzungu wa shamba la kahawa pale Ruiru alikuwa akiuza gari lake dogo la mbio, la viti viwili, lililokwisha kutembea maili nyingi hata injini ikawa inakohoa. Nililitaka ili nimpeleke mama mkwe hospitali Thika, maana miguu yake ilikuwa imevimba.

Mke wangu akacheka. “Baba watoto, wewe na mama yangu bega kwa bega? Kwetu mkwe kumkaribia mama mkwe ni aibu!”

Nikamwomba yule Mzungu anipe siku tatu za kufikiri. Ndipo mama mkwe akamtuma mke wangu: “Mwambie anunue. Nitajifunika leso usoni, naye asinisemeshe.”

Nikalinunua. Hadi Thika hatukusemezana, nami nilimshukuru Mungu kimyakimya kwa ajili ya mama mkwe.