Nailoni ya Dirishani

Juzi, nikitoka kazini nimechoka hata kuongea, niliona nailoni ya madirisha ikiuzwa duka moja la Sparkbrook, mtaa wetu huku ughaibuni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, na hakulala. Alibandika nailoni kwenye dirisha la sebuleni kwa selotepu, kisha akaipiga hewa ya moto kwa mashine ya kukausha nywele mpaka ikakazika. Chumba kizima kilinuka plastiki na mafuta ya nywele.

Kwetu, kitu kikifungwa nailoni kilikuwa cha kupeleka Kenya. Sufuria mpya na blanketi za shosho, nyanya yangu, zilikaa hivyo nyuma ya mlango, zikisubiri kontena. Nikafurahi.

"Mum, kwani hata dirisha tunaenda nalo?"

Hakucheka. Alizima mashine, tukasikia upepo ukisukuma ile nailoni.

"Tutaenda mwakani," akasema. "Mwaka huu wacha tuzuie baridi kwanza. Hita inamaliza stima."

Jana nilibandika nailoni dirisha lile lile, Mama akinishikia selotepu. Zile sufuria bado ziko nyuma ya mlango.