Homa ya Sufuria

Kila nikifunga kihisi cha joto kwenye kikaushio cha tangawizi, harufu ile kali hunirudisha jikoni kwetu Gonja.

Siku moja utotoni nilikuwa mgonjwa. Mama, aliyekuwa muuguzi, alinipachika kipimo cha homa kwapani, akatoka kuchuma mchaichai. Mbele yangu sufuria ya tangawizi ilitokota mafigani. Nikataka kujua nani ana homa kali zaidi, mimi au sufuria. Nikakichomoa kipimo, nikakitumbukiza. Zebaki ikapanda mbio, ikakosa pa kwenda, kioo kikapasuka.

Mama aliporudi alinitoa nje kwanza, kisha, kwa kuwa zebaki ni sumu, akaenda kuifukia tangawizi yote pamoja na sufuria yake, ile aliyopewa siku ya harusi.

“Kipimo kile ni cha mwili wa mtu,” alisema. “Mwisho wake nyuzi arobaini na mbili. Maji yakichemka ni karibu mia!”

Nikangoja fimbo. Akaniwekea kiganja shingoni, akakiacha hapo muda.

“Homa imeshuka,” akasema. “Akili ndiyo bado.”

Leo kihisi kinasoma sitini, na kikomo chake nimekikagua mara mbili. Hata hivyo naweka kiganja kwenye mlango wa kikaushio, nakiacha hapo kidogo.