Chumba cha Ibada Nyuma ya Jikoni

Chuo chetu cha ufundi kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Jericho, Nairobi, na mpaka mwaka wangu wa pili hakikuwa na mahali pa kusalia. Hakuna aliyelalamika. Walokole walikutana chini ya ngazi za karakana, Waislamu walitandika mkeka nyuma ya tangi la maji, na sisi wengine tulimwomba Mungu pale tulipomhitaji hasa, yaani ndani ya chumba cha mtihani.

Mambo yaliharibika siku alipokuja mgeni kutoka ng'ambo, mmoja wa wale wafadhili wanaotembea na daftari dogo mkononi. Alimuuliza mkuu wa chuo: wanafunzi wa dini mbalimbali husali wapi? Mkuu wetu hakuwahi kukosa jibu, hata pale asipoelewa swali. Akasema chumba kipo, ila kwa sasa kinapakwa rangi.

Kesho yake kikapakwa rangi. Ilikuwa ni stoo nyuma ya jikoni, iliyojaa magunia ya maharagwe na viti vilivyovunjika miguu. Magunia yakatolewa, harufu ikabaki. Mlangoni pakaandikwa CHUMBA CHA IBADA NA TAFAKARI kwa herufi ambazo mfadhili angeziona akiwa bado ndani ya gari.

Mimi nilikuwa nasomea taipu na hati mkato. Mkuu akaniita ofisini.

"Unapiga taipu vizuri," akasema, "na sijawahi kukuona ukisali. Utakuwa katibu wa kamati ya chumba."

Alidhani yote mawili ni sifa. Nami nilikuwa bado nadhani kukataa ni utovu wa adabu.

Kamati ilikuwa na watu wanne. Kulikuwa na kiongozi wa walokole, kijana wa Ukambani aliyesomea umakanika, mwenye sauti ambayo ingeweza kuwasha injini bila ufunguo. Kulikuwa na mwakilishi wa Waislamu, mwanafunzi wa ufundi bomba, mzaliwa wa Pumwani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno hata akikutukana ungemshukuru kwanza, halafu ukiwa njiani kwenda nyumbani ndipo uumie. Wa tatu alikuwa mwalimu wa uchoraji ramani, mzee wa Kihindi wa sweta ya kijani, ambaye ombi lake lilikuwa moja tu: nusu saa ya kukaa kimya. Wa nne nilikuwa mimi. Wakatoliki walisema wana kanisa lao lenye paa zuri zaidi, ahsanteni. Waanglikana waliahidi kuleta mwakilishi, na nadhani bado wanamtafuta.

Shida ilikuwa saa saba mchana. Ndiyo saa pekee ambayo wote walikuwa huru, na ndiyo saa ambayo kila mmoja alikuwa na hakika kwamba Mungu naye yuko huru. Nilitaipu ratiba mara saba. Walokole waanze saa saba kamili, watoke saa saba na nusu, Waislamu waingie. Lakini mlokole akishapata upako haangalii saa. Waislamu walikuwa wameshatawadha, wakasimama nje na miguu yenye maji huku ndani pepo akiamriwa atoke, na pepo mwenyewe hana haraka.

"Dada katibu," yule wa ufundi bomba aliniambia siku moja, "hebu niandikie kwenye ratiba yako pepo anatoka saa ngapi, ili nasi tujipange."

Walokole nao wakitoka walikuwa wamekanyaga mkeka kwa viatu vyenye matope ya karakana. Nikaandika tangazo la viatu. Wakasema Musa aliambiwa avue viatu kwa sababu pale palikuwa patakatifu, na hapa ni stoo.

Mwalimu wa ramani hakulalamika. Alikuja, akakuta pamejaa, akarudi. Ila walokole ndio walimlalamikia yeye.

"Anaomba nani?" kiongozi wao aliniuliza.

"Sijui. Hasemi."

"Hapo ndipo penye hatari."

Mkuu aliposikia haya yote alipata suluhisho kwa muda uleule aliotumia kukoroga chai. Chumba kigawanywe mara tatu kwa mbao nyembamba. Na kwa kuwa baba yangu alikuwa seremala soko la Gikomba, nikamlete.

Baba alikuja Jumamosi na futi yake mfukoni. Alisimama katikati ya kile chumba, akageuka taratibu kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya kupanga.

"Mama," akaniambia, maana nimepewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "huyu Mungu mnamgawia vyumba kama sisi tulivyogawiwa nyumba na kaunsili ya jiji?"

"Ni amri ya mkuu, Baba."

"Na choo cha pamoja kitakuwa wapi?"

Hata hivyo alipima. Akamwita yule kijana wa Pumwani, akamuuliza wanaelekea upande gani wakisali, asije akawawekea ukuta wa kuwakata katikati. Kijana akamwonyesha. Baada ya vikao vyote vile, baba yangu, mzee wa Murang'a aliyekwenda kanisani Krismasi na kwenye harusi, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumuuliza.

Tukapata vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake na upana wa bafu. Walokole kushoto, Waislamu kulia. Mwalimu wa ramani, mtu pekee aliyetafuta ukimya, kamati kwa hekima yake ikamweka katikati. Mbao zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kushoto, aliombewa afya na dini mbili. Mkuu alifurahi sana. Alituma picha ng'ambo, na picha, kama mnavyojua, haina sauti.

Tuliendelea hivyo mpaka msimu wa mvua ndefu.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama nje nikibandika ratiba mpya. Upande wa kushoto kiongozi wa walokole alikuwa akiwaombea wagonjwa, akiwataja ugonjwa kwa ugonjwa kama muuza dawa. Tarishi wa ofisi akaja na telegramu. Akagonga mlango wa katikati, mwalimu wa ramani akamwonyesha kwa kidole. Akagonga wa kushoto.

Ile sauti ikakatika.

Nilifungua mlango nikamwona ameshika karatasi kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa amefariki. Alikuwa mtoto pekee, na baba yake alikufa yeye angali anatambaa. Hayo niliyajua baadaye. Wenzake walimzunguka. Mmoja akasema, "Bwana asifiwe, ndugu, mama ameenda nyumbani!" Mwingine akaanzisha pambio, na la kupigiwa makofi. Yule kijana aliwatazama mmoja mmoja kama watu asiowafahamu.

Akatoka nje, akaingia mlango wa katikati, akakaa sakafuni.

Mwalimu wa ramani alikuwa na mto mdogo wa kukalia. Aliuvuta kutoka chini yake, akamsogezea, kisha akafumba macho tena. Walikaa hivyo, kijana akilia, na pambio la upande wa kushoto likapungua nguvu kidogo kidogo, kwa aibu nadhani, ingawa siwezi kuapa.

Waislamu walipomaliza swala, yule wa ufundi bomba alikuja akachuchumaa mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno. Mbao za baba yangu hazikuwa na siri.

"Pole sana, ndugu yangu. Mazishi lini?"

"Jumamosi."

"Nani anakusindikiza?"

Jumamosi hiyo walokole walikuwa na mkutano wa injili uwanjani, umetangazwa tayari kwa kipaza sauti. Walisema watakuwa pamoja naye kiroho.

"Kiroho hakipandi gari," yule kijana wa Pumwani akasema. "Mtu hamziki mama yake peke yake. Nitakuja mimi."

Basi Jumamosi alfajiri tulikuwa wanne ndani ya gari dogo la mwalimu wa ramani kuelekea Ukambani: mlokole, Mwislamu, mzee wa sweta ya kijani, na mimi katibu, ambaye nilikwenda kwa sababu sikuweza kufikiria sababu nzuri ya kutokwenda. Kaburini mchungaji alihubiri muda mrefu kuhusu njia nyembamba na wingi wa wanaopotea, akitutupia jicho. Yule aliyepotea zaidi, kijana wa Pumwani, alikunja mikono ya kanzu yake, akashika sepetu, akafukia mpaka mwisho, jasho likimtiririka. Akina mama wakaniuliza huyu ni nani. Nikawaambia ni ndugu wa mfiwa, wa Nairobi. Wageni walipoitwa kusalimia, mwalimu wa ramani alisimama, akafikiri kidogo, akasema, "Mimi nimekuja kukaa naye tu," akaketi. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizosikia kwenye mazishi, na watu waliitikia amina.

Kijana wa Ukambani aliporudi chuoni alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Wenzake wakasema amepoa kiroho. Wakachagua kiongozi mwingine, mwenye mapafu mazuri zaidi, na yeye akawa anakaa katikati na mwalimu wa ramani, saa saba kila siku.

Hilo nalo halikudumu. Mfadhili hakurudi, na muhula uliofuata mkuu alipata mashine ya kurudufia mitihani, nayo ilihitaji chumba. Tangazo la kufunga chumba nililitaipu mimi mwenyewe, bila kosa hata moja. Walokole wakarudi chini ya ngazi, Waislamu nyuma ya tangi, na mwalimu wa ramani akawa anakaa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, mara nyingine na yule kijana kando yake.

Miaka kadhaa baadaye nilipeleka barua za ofisi kwenye kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo, nikamkuta yule fundi bomba getini na ovaroli. Akaniambia mlokole naye yuko hapohapo, upande wa mashine, na kwamba hula pamoja mchana na kubishana dini mpaka king'ora kilie.

"Nani hushinda?"

"King'ora," akasema.

Akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. Akasema wataniombea, wote wawili, kila mtu kwa njia yake. Nikamwambia wasijisumbue, akacheka, akaniandikia jina langu katika kitabu cha wageni kwa mwandiko mzuri ajabu.