Tuliyembeba Katika Shanta ya Askari

Juzi jirani yangu hapa mtaani Hewa Bora, mwalimu kijana anayeongoza kikundi cha watembea kwa miguu, aliingia uani kwangu na shanta ya kijeshi mgongoni. Ameinunua sokoni, kwenye marundo ya vitu vilivyotumika, kwa ajili ya safari yao ya kutembea mpaka Likasi. Turubai la kijani, vifungo vya chuma, mikanda mipana. "Mama, uvae kidogo, utasikia. Sac ya militaire haipasuke," akaniambia. Nilimpa chai, nikasifu vifungo, lakini kuivaa, hapana. Akacheka, akasema nazeeka vibaya. Sawa. Acha nikueleze wewe, maana yeye alikuwa na haraka.

Nililelewa mtaa wa Kamalondo na nyanya yangu, kambo kama tunavyosema huku. Nyumba yetu ilinuka mkaa na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na cherehani ya fundi wa jirani ililalamika tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa pia na mlango usiofungwa. Mtoto wa mwisho wa kambo, mjomba wangu, alichukuliwa na jeshi, na haikurudi habari wala mwili. Kambo aliacha mlango wazi, akakaa macho kumngoja. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni yenyewe.

Kila shanta ya askari iliyofika sokoni, kambo alikwenda kuitazama. Aliinusa, akaipindua ndani nje. Wauzaji walimtania kwamba anataka kuingia jeshini. Siku moja akaacha kupindua. Mkanda ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Kabla mjomba hajaondoka, mkanda wake ulikatika, na kambo aliushona kwa uzi kama huo, akiwa amekaa kizingitini. "Ni mukono yangu hii," akasema, akalia pale pale katikati ya viatu na makoti.

Kwa watu wa kwao kambo, aliyefia mbali hurudishwa nyumbani kwa miguu. Gari halifai, roho huachwa nyuma. Unabeba kitu chake, hukiweki chini, na unamwambia njia yote. Basi kiangazi, nyasi zimekwisha kuchomwa, jua limekuwa jekundu kwa moshi, tukaondoka mimi na yeye kuelekea kijijini kwake. Yeye alibeba kichwani bukari ya baridi, ugali wetu wa huku, na karanga. Mimi, kwa kuwa mabega yake hayakuweza, nilivaa shanta. Ndani tulitia shati moja la mjomba aliloliacha nyumbani, na mlikuwa na mchanga mweupe usiokwisha hata tulipoikung'uta, ingawa udongo wetu huku ni mwekundu mtupu.

"Tunafika ku muto, mutoto yangu. Mayi iko baridi, unyanyue miguu," alisema, na si mimi aliyeambiwa. "Hapa ni kilima. Pale baba yako alianguka na velo, baiskeli ikapinda, ukacheka."

Tulipotoka mjini shanta ilikuwa nyepesi. Kufikia kilimani mikanda ilinikata mabega. Nikisimama, vifungo viliendelea kulia kidogo nyuma yangu, kisha navyo vikasimama. Niliogopa, tena nililia kwa sauti. Kambo alinifuta kamasi kwa kitenge chake. "Usiangalie kunyuma," akasema. "Utamupatisha haya."

Adhuhuri tulimkuta mama mmoja akichoma mahindi kando ya njia. Akatupa mahindi matatu. Tulikuwa wawili.

"Na ule kijana?" akauliza, akitazama juu ya bega langu. "Juu ya nini iko anasimama ku jua?"

"Iko na haraka ya kufika," kambo akajibu, akalipokea la tatu. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama yeye saa ile. Mimi hindi langu nililibeba mkononi mpaka likapoa.

Tuliizika shanta kwenye makaburi ya ukoo, wanawake wakaimba, pombe ikamwagwa. Tuliporudi Kamalondo kambo akafunga mlango, akalala mpaka jua likawa kali. Alinenepa. Akaanza tena kunitania.

Halafu, miaka mingi baadaye, mjomba akarudi. Mzima kabisa. Alishuka kwenye lori mchana, mvi zimemwanza, akasema alitoroka jeshini akaishi ng'ambo ya mpaka kwa aibu. "Mama, ni miye." Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Kambo alimshika uso, masikio, vidole, akalia kwa furaha kama sisi sote. Kisha akakaa chini ghafla, akanitazama mimi.

"Sasa ule tulileta, ni mutoto ya nani?"

Shanta ya mjomba, kumbe, ilizama mtoni zamani. Uzi wa kusukia nywele uko katika kila nyumba, na mama yeyote angeshona vile. Mahali fulani kulikuwa na mama mwingine aliyeacha mlango wazi, na sisi tumemzika mwanawe kati ya wageni, kwa jina lisilo lake. Kambo alirudi kwa miguu kaburini kumwomba yule kijana radhi. Akawa anakwenda kila kiangazi na hindi la kuchoma, mpaka magoti yalipokataa.

Leo kambo hayupo, mjomba hayupo, na njia ile imekatwa na uzio wa mgodi. Hakuna tena anayeonyesha mtu kilima alichoangukia baba yake. Makaburi yalipohamishwa kupisha uchimbaji, kila ukoo uliitwa kutaja watu wake. Niliwataja wote. Yule wa shanta sikumtaja, kwani jina sikuwa nalo, lakini nilichota udongo wake, nikaufunga katika kitenge na kuubeba mgongoni bila kuuweka chini. Nilitembea mpaka njia panda ya barabara kuu. Malori yakapita, vumbi likatulia, na mabega yakaanza kuniuma kama zamani.

"Mutoto yangu," nikaanza, "sasa tunapita..."

Nikakwama. Alikuwa akingoja nimwambie njia, na mimi kwao sikujua.