Nzige Kabla ya Harusi

Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu historia ya ukoo aliyoitengeneza mtandaoni. Mstari mrefu, picha zimepangwa juu yake, unasukuma kwa kidole na miaka inapita. Akikosea anafuta, kisha anawatumia ndugu wote. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Mimi bibi yako nilichora mstari kama huo miaka ya sabini, nikamwambia, kwa karatasi za manila na wino, na wino wenyewe haukufutika.

Nilikuwa mwalimu Iringa, najiona kweli kweli. Ikaja barua kutoka kwetu Ilomba, Mbeya: baba na mama wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, usharika utawafanyia sherehe. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa na mchezo. Chini ya barua mama aliongeza maneno kwa penseli. Mdogo wangu ana mimba, mchumba yupo ila ndoa bado. Baba kamfukuza, anaishi kwa shangazi, na kwenye sherehe asionekane. Ikiisha tu, baba mwenyewe atasimama mbele ya wazee wenzake waseme mdogo wangu ametengwa na kanisa.

Nilipandwa na hasira, lakini baba hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Nikaona nimlainishe kwa zawadi: nitachora maisha yao yote, na mdogo wangu nitamweka humo, baba atake asitake.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani na manila zangu, nikaanza kuuliza. Wazee wetu miaka hawakuitaja kwa namba, waliitaja kwa mambo yaliyotokea. Baba akasema walifunga ndoa baada ya mvua ya mawe kubomoa paa la kanisa. Wao ndio wa kwanza kuoana chini ya bati jipya. Nikachora bati. Shangazi, dada yake baba, akasema mimi nilizaliwa nzige walipovamia, akanifunika kwa beseni wasiniingie puani. Nikachora nzige, na beseni. Kila jambo manila yake. Asubuhi ya sherehe nikaziunganisha kwa uji wa ngano, kwa kufuata mambo yalivyotangulia kutokea, mbio mbio, bila hata kuwaza maana yake, nikazibandika ukutani ukumbini. Nilijisifu moyoni: hata asiyejua kusoma ataelewa.

Wakaelewa, jamani! Kina mama walijipanga wakafuata mstari kwa vidole. Shangazi, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alifika kwenye beseni akaenda mbele, akafika kwenye bati, akarudi kwenye beseni.

"He! Kumbe nzige walitangulia bati!" akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Basi huyu mwalimu wetu alihudhuria harusi ya wazazi wake!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, kisha ukanyamaza wote kwa pamoja, maana baba alikuwa amesimama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu mzima, nimemwanika baba yangu ukutani kwa rangi nne!

Baba akavaa miwani. Akatazama nzige, akatazama bati. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na sikujua analia au anacheka.

"Ni kweli," baba akasema hatimaye, akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyetupeleka kanisani."

Akatembea kando ya ukuta mpaka mwisho wa mstari, kwa mdogo wangu niliyemchora na gauni la bluu.

"Mbona umemchora peke yake?"

Akanyoosha mkono, nikampa kalamu. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba akichora chochote. Akachora duara dogo kando ya lile gauni, likatoka na mbonyeo kama kiazi, akalitia macho mawili. Kisha akamgeukia shangazi.

"Dada, nenda kamlete mwanangu. Hatuli mpaka afike."

Shangazi alishatoka mlangoni kabla hajamaliza kusema. Baba akabaki palepale na kalamu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wino huu unafutika.

"Haufutiki, baba."

"Vizuri," akasema, akarudi kukaa karibu na mama.