Bomba Linalotekenya

Tesita alikuwa fundi umeme. Jina alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu tesita yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, haikumtoka nyuma ya sikio, hata msibani. Nyumba za watu alizinyoosha zikanyooka, ila ya mama yake ilimshinda, na bafu la mle ndani lilimtia kinyaa kupita kiasi.

Hebu fikiria, jamani! Boksi la kuendeshea pampu ya maji limepigiliwa misumari ukutani bafuni, pua na mdomo na bomba. Kwa kuwa lina joto, mama alianikia soksi juu yake. Bomba lenyewe lilifunguliwa kwa kitambaa kikavu kilichotundikwa mlangoni, maana ukilishika hivihivi linatekenya. Nyumba nzima ilijua, na hakuna aliyeona ajabu. Kila Tesita alipotaka kuling'oa boksi, mama alikataa: "Mkono wa marehemu baba yako huo." Mpaka asubuhi ile soksi zilipofuka moshi, ndipo mama akamwita.

"Linatekenya tu, binti yangu. Tumeshazoea."

"Mama, huo ni umeme! Siku kitambaa kikilowa tutakuzika nacho!"

Tesita alizima swichi kuu, akapima mara mbili, akafungua. Ptu! Mende wakammwagikia mikononi. Mjusi alikuwa ameungua humo, amegandia kwenye nyaya, ananuka hadi machozi. Na waya wa kwenda ardhini, ule unaookoa roho za watu, ulikuwa umekatwa ukakunjwa pembeni.

"Huu nani kaukata?"

"Baba yako. Alisema umezidi."

Umezidi! Tesita akauchomoa ule waya, akatoka nao mkononi.

Akazunguka nyumba akitafuta pa kufunga boksi jipya. Jikoni mvuke. Ukuta wa korido una mabomba ndani. Chumbani rangi inabanduka kwa unyevu. Ukuta mkavu ulikuwa mmoja tu, wa sebuleni, na hapo ilining'inia picha ya baba, kavaa suti. Presha ilimwangusha bafuni akafa, ndivyo walivyoambiwa wote.

"Hapo hapaguswi," mama akasema.

"Basi chagua, mama. Picha ukutani au wewe duniani."

Mama aliutazama ule waya uliokatwa mkononi mwa bintiye. Kisha akaishusha picha mwenyewe, akaipakata.

Tesita akatoboa ukuta usawa wa macho, akapachika vishikio vya skrubu, akanyoosha boksi kwa pima maji. Waya wa ardhini aliufunga kabla ya mwingine wowote. Matundu yote akayaziba, mende wakatafute kwao. Akawasha, akalipima bomba, halina kitu. Kitambaa akakitupa jalalani kwa ncha za vidole.

"Haya, mama, kafungue."

Mama aliingia bafuni. Mkono wake ukaenda mlangoni kutafuta kitambaa, ukakuta msumari mtupu. Akalishika bomba hivihivi. Maji yakatoka, wala hakutekenywa.

Hakunawa. Alibaki akiyaangalia maji yakimwagika, mpaka Tesita akaja kuchungulia.

"Siku aliyoanguka baba yako," mama akasema, "kitambaa nilikuwa nimekifua. Kilikuwa kwenye kamba, hakijakauka."