Kuonja Kabla ya Mgeni

Uwimana hakuwa mjinga. Nalisema mapema, kwa sababu mwaka 1974, tulipokuwa Kidato cha Kwanza katika sekondari moja pale Kasulu, wengi walimwona hivyo. Alikuwa amekimbia Burundi na mama yake miaka miwili nyuma, na Kirundi chake sisi Waha tulikielewa bila taabu. Kilichomtesa ni Kiswahili, na kuliko Kiswahili chenyewe, Mwalimu Isihaka.

Mwalimu Isihaka alikuwa mtu wa Kilwa, serikali imemleta kwenye baridi yetu. Aliamini lugha bila adabu zake ni kelele tu, kwa hiyo alitufundisha vyote kwa mpigo. Kwao Uwimana watu walikula ndani, mtu asionekane akitafuna. Mwalimu akasema anayekula barazani lazima amkaribishe kila apitaye.

"Na wakikubali wote?" Uwimana aliniuliza bwenini. "Chakula kitatosha, Veronica?"

"Hawakubali," nikamwambia.

"Sasa wanakaribishwa ya nini?"

Nikajifunika blanketi nilale.

Mkuu wa shule alikwisha kusema kwamba ambaye Kiswahili chake hakitakaa sawa hadi mwisho wa mwaka, nafasi yake atapewa mwingine. Na kule Kibondo, Mzee Nsabimana, mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa hajaamua kama binti huyu aendelee na shule au aolewe. Uwimana alitaka kusoma. Katika vurugu zote za mwaka ule, hilo tu ndilo alilokuwa na uhakika nalo.

Ijumaa moja Mwalimu alikuja na chupa yake ya chai. Yeye awe mgeni, Uwimana awe mwenyeji. Uwimana akamimina vizuri, akapiga goti, kisha akanywa funda moja ndipo akampa. Mwalimu akakitazama kikombe.

"Binti, mgeni hapewi makombo."

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, na kucheka kwangu kulikuwa kwa unafiki, maana kwetu Waha vilevile mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Pasikali, kiranja wetu, akajaribu kumwokoa: "Mwalimu, anaonyesha kwamba hajakuwekea sumu."

Lo, hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mwalimu Isihaka akaisogeza chai mbali. "Nani amezungumza habari za sumu hapa?"

Uwimana alitutazama mmoja mmoja. Heshima yake imekuwa tusi, na mtetezi wake amelikoleza. Tangu siku ile alijifunza kwa hasira. Alimimina maji, alimimina uji, mkono wake ukitaka kurudi mdomoni anauzuia. Desemba ilipofika Mwalimu mwenyewe alimsifu mbele ya mkuu wa shule, na nafasi yake ikabaki yake.

Tulipanda lori pamoja hadi Kibondo, nikalala kwao. Kesho yake Mzee Nsabimana akaja kutoa uamuzi. Mama yake Uwimana, Epifania, alikuwa amepika pombe ya ndizi. Uwimana akaijaza kwenye kibuyu, akatia mrija, akapiga goti na kumpa kwa mikono miwili. "Karibu, baba mdogo," akasema kwa Kiswahili safi cha Mwalimu Isihaka, ambaye hata harufu ya pombe asingeivumilia.

Mzee aliushika mrija asivute. Nikaona Epifania ameziba mdomo. Uwimana alikuwa bado anatabasamu, akingoja asifiwe.

"Mwana wanje, mwanangu," Mzee akasema kwa Kirundi, taratibu, "waliomuua baba yako walikuwa jirani zetu. Tulikunywa kwao mara nyingi. Hata wao walionja kwanza."

Uwimana akaeleza shule, akaeleza makombo, akachanganya lugha mbili hadi akakwama. Niliumia, nami sikujua nimlaumu nani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akakiweka kibuyu chini kikiwa kimejaa.

"Sikukatazi shule. Januari rudi."

Uwimana akaanza kushukuru. Mzee akageukia upande wa Epifania.

"Lakini nikija hapa," akasema, "pombe yangu unipe wewe."